Van Zinderen Bakker: Kutoka Chavua za Jangwani hadi Kinamasi cha Cherangani

Mto Nzoia huanzia katika miinuko ya Cherangani, ukakatiza Trans Nzoia, ukapokea maji ya Mlima Elgon, kisha ukaingia nchi ya Bungoma na kuporomoka Webuye ukielekea Ziwa Viktoria. Wakazi wa Kitale na Bungoma wameizoea misitu ya milima hiyo kana kwamba imekuwapo tangu kuumbwa kwa dunia. Miongoni mwa watu wa kwanza kuthibitisha kwamba sivyo ni mtaalamu wa mimea aliyefanyia kazi yake mbali na hapo, kwenye nyanda kavu za Afrika Kusini.

Eduard Meine van Zinderen Bakker alizaliwa Uholanzi mwaka wa 1907. Mwaka wa 1942, nchi yake ikiwa chini ya majeshi ya Ujerumani, alichapisha kitabu kuhusu Naardermeer, ziwa lililo karibu na Amsterdam. Mwanzoni mwa karne hiyo mji huo ulikuwa umetaka kulifanya jaa la taka. Uholanzi ni nchi ya mboji na maji, na mboji iliyolowa huhifadhi chavua kwa maelfu ya miaka. Maarifa ya kuihesabu chavua hiyo tabaka kwa tabaka yalikuwa bado machanga. Mswidi Lennart von Post ndiye aliyeyaweka wazi mwaka wa 1916.

Mwaka wa 1947 alihamia Bloemfontein. Huko mboji ilikuwa adimu, na mimea ilikuwa mingine kabisa. Hapakuwa na orodha ya kumwambia mtafiti kwamba chembe aliyoiona ni ya mti gani. Ilimlazimu aanze na alifu: kukusanya maua, kutoa chavua, kuichemsha katika asidi hadi libaki ganda tupu, kisha kulichunguza kwa hadubini. Sehemu ya kwanza ya kitabu chake kuhusu chavua za Afrika Kusini ilitoka mwaka wa 1953. Kazi hiyo haina mvuto wa kusimuliwa, lakini bila yake mengine yote yasingewezekana.

Chembe nyingi za chavua hazifiki hata sehemu moja ya kumi ya milimita, ila kila ukoo una chapa yake. Ya mbigili ni tufe lililofunikwa kwa kitu mfano wa wavu wa mvuvi. Ya ukoo wa mchicha, ambao una vichaka vingi vya jangwani vinavyostahimili chumvi, imetobolewa vitundu kila upande. Ya ukoo wa alizeti ina miiba. Ya mgunga hukaa kwa vifungu, mara nyingi chembe kumi na sita pamoja, nayo ya podo ina vifuko viwili vya hewa vinavyoisaidia kupeperuka. Nyasi ndizo zinazomtesa mtafiti: karibu zote zina chembe ya mviringo yenye tundu moja, na ni vigumu kuzitenganisha. Hata mchicha wa bondeni na jamaa yake wa jangwani hufanana. Kwa hiyo chembe moja haitoshi kuthibitisha jangwa. Huhesabiwa mamia, na hukumu hutolewa kwa uwiano.

Kwa njia hiyo, mwaka wa 1957 alitoa uchunguzi wa mashapo ya chemchemi ya Florisbad, mahali ambapo fuvu mashuhuri la binadamu wa kale lilipatikana mwaka wa 1932. Chavua zilionyesha kwamba mimea ya nusu-jangwa na ile ya nyika ya nyasi zilipokezana zamu katika eneo hilo.

Jicho lililofunzwa na vichaka vya jangwani ndilo lililoelekezwa Cherangani. Kinamasi cha Kaisungor kiko kwenye kimo cha karibu mita 2,900, mashariki ya Kitale, na mashapo yake yanarudi nyuma zaidi ya miaka 25,000. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1962 na 1964. Katika tabaka za chini, chavua za nyasi zilitawala na za miti ya msituni zikawa haba. Juu yake, barafu ya kaskazini mwa dunia ilipokuwa imeyeyuka, misitu ilipanda mlima. Van Zinderen Bakker alidai kwamba baridi ya Ulaya na baridi ya Afrika Mashariki zilikwenda pamoja.

Dai hilo lilikuwa la kijasiri, kwani wataalamu wengi wa wakati huo waliamini kwamba enzi za barafu zilikuwa enzi za mvua nyingi barani Afrika. Kuhusu baridi, utafiti wa baadaye umemuunga mkono. Kuhusu ukame, ushahidi ulitoka kwenye maziwa: Ziwa Viktoria lenyewe lilikauka mwishoni mwa enzi hiyo. Tangu miaka ya 1990 wengine wameongeza kwamba uhaba wa hewa ya ukaa nao uliipa nyasi nafasi ya kuishinda miti; hivyo si kila upungufu wa msitu unaoweza kubebeshwa baridi peke yake.

Ikumbukwe pia kwamba chuo kikuu alichofundisha Bloemfontein kilikuwa cha Wazungu pekee. Kijana wa Kitale au Bungoma asingeruhusiwa kuketi mbele ya hadubini iliyosoma historia ya milima ya kwao, na matokeo hayakuandikwa kwa lugha ya wenyeji wa hapo. Istilahi za chavua, hadubini na mashapo zimo katika Kiswahili. Habari ya Kaisungor ndiyo iliyokawia.

Mwaka wa 1965 na 1966 aliongoza msafara wa kisayansi kwenye kisiwa cha Marion, katika bahari baridi ya kusini. Mwaka wa 1966 pia alianzisha mfululizo wa vitabu kuhusu mazingira ya kale ya Afrika, ambao uliendelea kutoka hata baada yake. Alifariki mwaka wa 2002.