Colin Chapman: Kutoka banda la farasi hadi ubingwa wa magari mepesi

WAFANYABIASHARA wengi huamini kwamba bidhaa bora ni ile iliyoongezwa kitu. Kama ni gari, basi liwe na injini kubwa zaidi, bati nene zaidi na urembo mwingi zaidi.

Mwingereza Colin Chapman, mwanzilishi wa kampuni ya Lotus, alikwenda kinyume kabisa na imani hiyo. Swali lake la kila siku lilikuwa ni kitu gani kinaweza kuondolewa na gari bado likaendelea kwenda, tena kwa kasi zaidi.

Kwa fikra hiyo alitoka kwenye banda la farasi nyuma ya hoteli ya baba yake hadi Soko la Hisa la London, na magari yake yakatwaa ubingwa wa dunia wa watengenezaji katika mashindano ya langalanga, yaani Formula One, mara saba. Hata hivyo, tabia hiyo ya kupunguza kila kitu hadi ukingoni ilikuwa na gharama yake, na mjasiriamali wa leo anapaswa kuzifahamu pande zote mbili.

Hasara iliyozaa kampuni

Chapman alizaliwa Mei 19, 1928, katika mji wa Richmond, pembezoni mwa London. Baba yake aliendesha hoteli na baa iliyoitwa Railway Hotel, katika eneo la Hornsey, kaskazini mwa jiji hilo.

Mwaka 1945 alijiunga na University College London kusomea uhandisi wa miundo. Akiwa chuoni alijifunza pia kurusha ndege, akaona jinsi mafundi wa ndege wanavyopata uimara kutokana na vitu vyembamba vilivyopangwa vizuri.

Pamoja na masomo, yeye na mwenzake walinunua na kuuza magari yaliyotumika. Biashara ilikwenda vizuri kwa kuwa baada ya Vita Kuu ya Pili magari mapya yalikuwa adimu. Lakini mwishoni mwa mwaka 1947 serikali ilifuta mgao wa kawaida wa petroli kwa magari binafsi. Wanunuzi wakatoweka, bei zikaporomoka, na kijana huyo akalazimika kuuza magari yake kwa bei ya kutupa.

Gari moja lilikosa kabisa mnunuzi. Lilikuwa Austin Seven la mwaka 1930.

Chapman aliling'oa bodi akalitengenezea nyingine ya plaiwudi na alumini, kwa mtindo wa ndege. Kazi hiyo ilifanyika katika gereji ya nyumbani kwa wazazi wa mchumba wake, Hazel Williams. Mwaka 1948 gari lilikamilika, akaliita Lotus na kuliingiza katika mashindano ya kupanda vilima vyenye matope.

Mwaka 1951 alikuja na gari jingine la mashindano, lililotumia injini ya Austin Seven. Injini hiyo ya silinda nne ilikuwa na matundu mawili tu ya kupitishia hewa na petroli, hivyo kila silinda mbili ziligombania tundu moja. Chapman aliligawa kila tundu kwa kipande chembamba cha chuma, na kila silinda ikapata njia yake. Gari lilishinda kiasi kwamba waandaaji walibadili kanuni ili kuzuia ujanja huo.

Pauni 25 za mchumba

Januari 1, 1952, kampuni ya Lotus Engineering ilianza rasmi katika banda la zamani la farasi nyuma ya Railway Hotel. Mtaji ulikuwa pauni 25 alizokopeshwa na Hazel, ambaye walifunga naye ndoa mwaka 1954.

Jambo la kuzingatia ni kwamba Chapman hakuacha ajira mara moja. Aliendelea kufanya kazi katika kampuni ya British Aluminium mchana, na magari aliyashughulikia usiku na mwisho wa wiki. Aliacha ajira miaka michache baadaye, pale karakana ilipokwisha kupata wateja.

Gari lake la kwanza kuuzwa kwa wingi, Mark VI, lilikuwa na fremu ya mabomba membamba ya chuma yaliyochomelewa, yenye uzito wa kilo 25 tu. Wateja walilinunua likiwa vipande, wakatafuta wenyewe injini na gia, mara nyingi kutoka katika magari ya Ford, na kulifunga nyumbani.

Hapo ndipo ilipokuwa siri ya biashara. Wakati huo sheria ya Uingereza ilitoza kodi ya manunuzi kwa gari lililokamilika, lakini vipande vilivyounganishwa na mnunuzi mwenyewe havikutozwa. Lotus Seven ilipotoka mwaka 1957, gari zima pamoja na kodi lilikuwa pauni 1,036, wakati vipande vyake viliuzwa pauni 536.

Mteja aliokoa karibu nusu ya fedha, na Chapman hakuhitaji kiwanda kikubwa wala jeshi la mafundi wa kuunganisha. Inasimuliwa kwamba kwa kuwa kampuni haikuruhusiwa kumpa mteja maelekezo ya kuunganisha, Lotus ilimpa maelekezo ya kulifungua gari, naye akayasoma kuanzia mwisho kwenda mwanzo.

Kwa nini wepesi?

Hoja ya Chapman ilikuwa rahisi. Injini yenye nguvu husaidia zaidi barabara inaponyooka, lakini wepesi husaidia kila mahali. Gari jepesi huchanganya haraka, husimama mapema, hupita konani bila kuyumba, na halimalizi matairi wala petroli upesi. Mtu mwenye injini ndogo na fedha kidogo anaweza kumshinda tajiri.

Gari lililoonyesha hoja hiyo barabarani lilikuwa Elan ya mwaka 1962. Bodi yake ilikuwa ya faiba, injini ilitokana na ya Ford, na uti wake wa mgongo ulikuwa chasisi ya bati la chuma lililokunjwa, iliyopita katikati ya gari. Gari zima halikufika kilo 700.

Aliyeongoza usanifu wake alikuwa Ron Hickman, mzaliwa wa Afrika Kusini, ambaye baadaye alitajirika kwa kubuni Workmate, meza ya fundi inayokunjwa.

Lakini kumiliki Elan kulihitaji mtu mwenye spana mkononi. Faiba haishiki kutu, lakini hupata nyufa. Tena haipitishi umeme, hivyo kila taa na kila chombo huhitaji waya wake wa ethi, na waya mmoja ukilegea taa huzimika. Chasisi ya bati jembamba iliota kutu hadi kampuni ikaanza kutoa mbadala zilizopakwa zinki. Shafti za magurudumu ya nyuma ziliungwa kwa raba nene ambazo huchoka na kupasuka, na mwenye gari asipozikagua zinaweza kukatika akiwa njiani.

Pamoja na usumbufu huo, wahandisi wa Mazda waliichunguza Elan walipokuwa wakiunda MX-5 iliyotoka mwaka 1989. Kwa maneno mengine, wazo la Chapman lilikuwa sahihi, ila lilihitaji uangalizi.

Mfugaji aliyekuwa bingwa

Mwaka 1962 pia Chapman alileta Lotus 25 katika langalanga. Gari hilo halikuwa na fremu ya mabomba. Bodi ya alumini yenyewe ndiyo ilikuwa chasisi, na dereva alikaa karibu na kulala. Washindani wote walilazimika kuiga.

Dereva wake alikuwa Jim Clark, mkulima na mfugaji wa kondoo kutoka Scotland. Mwaka 1963 Clark alishinda mbio 7 kati ya 10 na kuwa bingwa wa dunia. Alirudia mwaka 1965, mwaka ambao pia alishinda mbio za Indianapolis 500 nchini Marekani.

Ushindi ulivuta fedha. Ford ilitoa pauni 100,000 kugharimia injini mpya ya Cosworth, iliyoanza na ushindi mwaka 1967. Mwaka 1966 kampuni ilikuwa imehamia Hethel, Norfolk, katika uwanja wa zamani wa ndege za kivita. Mwaka 1968 hisa zake ziliingia sokoni, na mwaka huo huo magari ya Lotus yalipakwa rangi za sigara za Gold Leaf, hatua iliyofungua mlango wa udhamini mkubwa katika langalanga.

Bei ya kupunguza

Lakini sifa nyingine ilikuwa ikienea, kwamba magari ya Lotus huvunjika. Mwaka 1960 nchini Ubelgiji, gari la Stirling Moss lilichomoka gurudumu likiwa katika kasi, naye akaumia vibaya. Aprili 7, 1968, Clark alifariki dunia katika ajali huko Hockenheim, Ujerumani, ambayo wengi waliihusisha na tairi lililopungua upepo.

Jochen Rindt, dereva wa Austria, alimwandikia Chapman mwaka 1969 akimsihi akubali kuongeza kilo chache ili sehemu dhaifu ziimarishwe. Septemba 5, 1970, Rindt alifariki dunia katika mazoezi huko Monza, Italia. Uchunguzi ulielekeza kwenye shafti ya breki ya mbele iliyokatika, ingawa pia ulilaumu vizuizi vya kando ya njia ambavyo havikuwekwa ipasavyo. Alitawazwa bingwa wa dunia akiwa kaburini.

Chapman aliendelea kushinda. Emerson Fittipaldi wa Brazil alikuwa bingwa mwaka 1972, na Mario Andretti wa Marekani mwaka 1978. Lakini upande wa biashara upepo ulikuwa umebadilika. Mwaka 1973 Uingereza ilianzisha kodi ya ongezeko la thamani, na unafuu wa kuuza vipande ukafikia mwisho. Mwaka huo Chapman aliuza haki za kutengeneza Seven kwa wakala wake wa Caterham, akageukia magari ya bei kubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mauzo yalikuwa yameporomoka.

Ni katika kipindi hicho alipoingia mkataba wa DeLorean. Mwaka 1978 Lotus ilipewa kazi ya kukamilisha usanifu wa gari hilo, lililojengwa karibu na Belfast kwa fedha nyingi za serikali ya Uingereza. Zaidi ya dola milioni 17 zilipitishwa kwenye kampuni iliyosajiliwa Panama, na sehemu kubwa haikufika kwenye kazi. DeLorean ilifilisika mwaka 1982.

Desemba 16 mwaka huo Chapman alifariki dunia kwa shambulio la moyo akiwa na umri wa miaka 54, kabla hajafikishwa mahakamani. Mwaka 1992 mkuu wake wa fedha, Fred Bushell, alikiri kosa na kufungwa miaka mitatu. Jaji alieleza kuwa kama Chapman angekuwa hai na kusimama kizimbani, angestahili kifungo cha miaka 10.

Kampuni iliuzwa kwa General Motors mwaka 1986, ikapita mikono kadhaa, na tangu mwaka 2017 wenye hisa nyingi ni Geely ya China.

Kilichobaki

Ajabu ni kwamba gari lililodumu kuliko yote ni lile rahisi alilolitupa mkono. Caterham wanaendelea kutengeneza Seven hadi leo. Mtu huweza kuinunua ikiwa vipande, akaiunganisha gerejini kwake na kwenda nayo kwenye mashindano ya wanaoanza, kama Chapman alivyofanya na Austin yake.

Mjasiriamali ana mengi ya kujifunza hapa. Anza na mtaji ulionao, usiharakishe kuacha ajira, isome sheria ya kodi vizuri kuliko mshindani wako, na ondoa kila gharama ambayo mteja haihitaji. Lakini kabla ya kuondoa, pima kwanza ni kipi kinabeba mzigo. Bati la urembo likipunguzwa gari hukimbia, ila shafti ya breki ikipunguzwa mtu hufa. Vitabu vya hesabu navyo ni shafti ya biashara, maana vikikatika hakuna ubingwa utakaoziba pengo hilo.