Luigi Galvani na Miguu ya Chura

Wengi wetu tumempasua chura katika darasa la sayansi, na tulipomaliza tukamtupa. Lakini yuko mtu mmoja aliyepata kwa chura sifa isiyokwisha hata leo. Jina lake ni Luigi Galvani.

Galvani alizaliwa tarehe 9 Septemba, 1737, katika mji wa Bologna, nchi ya Italia. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha mji huo huo, akamaliza mwaka 1759, na baadaye akawa mwalimu wa elimu ya viungo vya mwili. Mkewe, Lucia Galeazzi, alikuwa binti wa profesa, naye alimsaidia sana katika kazi zake.

Siku moja chura aliyekwisha kuchunwa alikuwa mezani, karibu na mashine ya kutoa cheche za umeme. Msaidizi mmoja aliugusa mshipa wa fahamu wa chura kwa ncha ya kisu, na wakati ule ule cheche ikatoka. Mara miguu ikapiga teke kana kwamba chura yu hai! Mwingine angalicheka akaenda zake. Galvani alilirudia jambo lile kwa miaka mingi. Mwaka 1786 aliitundika miguu ya vyura kwa kulabu za shaba penye uzio wa chuma, akaona inaruka hata siku isiyo na radi wala wingu. Basi akakata shauri kwamba umeme umo ndani ya mnyama mwenyewe, na mwaka 1791 akaitangaza habari hiyo kwa maandishi.

Alessandro Volta, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Pavia, alikubali kwanza, kisha akapinga. Kwa maoni yake umeme ulitoka katika shaba na chuma, na mguu wa chura ulikuwa kipimo tu. Galvani hakumjibu kwa matusi, alimjibu kwa kazi. Mwaka 1794 ilitangazwa habari ya jaribio lisilo na madini yo yote: mshipa wa fahamu uligusishwa na msuli wenyewe, na mguu ukaruka vile vile.

Lakini taabu zilikuwa zimekwisha kumwandama. Lucia alikuwa amekwisha kufa. Kisha majeshi ya Napoleon yaliingia Italia, na serikali mpya ikawataka walimu wote waape kiapo cha utii. Galvani aliona kiapo hicho kinapingana na dhamiri yake, akakataa. Mwaka 1798 akanyang'anywa kazi na mshahara. Alikufa tarehe 4 Desemba mwaka huo huo, nyumbani kwa ndugu yake.

Miaka miwili baadaye Volta alitangaza betri yake ya kwanza, vipande vya zinki na fedha vilivyotengwa kwa vitambaa vyenye maji ya chumvi. Watu wengi wakasema Galvani ameshindwa.

Je, nani alikuwa na haki? Wote wawili. Madini mawili katika maji ya chumvi hutoa umeme kweli. Lakini mwili nao umejaa maji ya chumvi, na chembe zake zenye umeme zikipita katika kuta za mishipa ya fahamu, ndipo habari hupelekwa kwenye misuli na ubongo.

Mwaka 1984 wataalamu wa Marekani walieleza habari ya transista ya namna mpya, iliyotengenezwa kwa kitu cha jamii ya plastiki kinachopitisha umeme, nayo hufanya kazi ndani ya maji ya chumvi. Chembe za majini huingia katika plastiki ile na kuubadili mkondo wa umeme, hata badiliko dogo likaonekana kubwa. Mwaka 2013 watafiti huko Ufaransa walitangaza kwamba wameweka transista za namna hiyo juu ya ubongo wa panya, nazo zikasoma umeme wake. Kazi hiyo zamani ilifanywa na mguu wa chura mezani pa Galvani.

Basi, ndugu zangu, tusidharau jambo dogo tuonalo darasani, wala tusidhani kwamba aliyeshindwa mbele ya watu amekosa. Galvani alikufa bila kazi na bila ushindi, lakini hakusema neno asiloliamini.