Augustino wa Hippo: Askofu Aliyekubali Kuonywa

Kitabu cha jubilei kwa kawaida huhesabu majengo yaliyosimama, wachungaji waliotumika na watu waliobatizwa. Ni halali kufanya hivyo, maana asiyekumbuka fadhili za Bwana hawezi kumshukuru. Lakini usharika unaotimiza miaka 100 una jambo jingine la kukumbuka, ambalo haliandikwi kwa urahisi katika mihutasari ya vikao, yaani nyakati ambazo Mungu aliwaonya watu wake nao wakakubali kuonywa. Kwa sababu hiyo tumeona vema kuwaletea wasomaji maisha ya mtumishi wa Mungu aliyezaliwa katika bara letu la Afrika, Augustino, Askofu wa Hippo. Sisi Walutheri tuna deni kwake, kwa kuwa Martin Luther aliingia mwaka 1505 katika shirika la watawa lililobeba jina lake, na mafundisho yake juu ya neema yalimsaidia sana Mwanamatengenezo huyo.

Mama aliyemsikia kijakazi

Augustino alizaliwa tarehe 13 Novemba 354 katika mji wa Thagaste, ambao leo huitwa Souk Ahras, nchini Algeria. Baba yake, Patricius, alikuwa bado mpagani; mama yake, Monika, alikuwa Mkristo. Augustino mwenyewe ndiye aliyeandika habari ya ujana wa mama yake. Monika alikuwa akitumwa na wazazi wake kuteka divai ghalani, akazoea kuionja kidogo kidogo, hata mwisho akawa anakunywa vikombe tele. Siku moja kijakazi aliyezoea kufuatana naye aligombana naye, akamtukana kwamba ni mlevi. Kijakazi yule hakukusudia kumjenga, alikusudia kumuumiza. Hata hivyo Monika hakushindana naye juu ya nia yake wala juu ya cheo chake. Alijitazama, akaona kuwa neno lile ni kweli, akaiacha tabia ile mara moja. Methali yetu humtisha asiyesikia la mkuu; mama huyu alisikia la mdogo, akapona.

Mwanawe hakuwa mwepesi hivyo. Akiwa kijana mwenye elimu na ufasaha mwingi, Augustino aliyapuuza maonyo ya mama yake, akafuata mafundisho ya Mani kwa muda wa miaka tisa hivi. Mwaka 384 alikwenda Milano kufundisha ufasaha wa lugha, na huko akamsikia Askofu Ambrosio akihubiri. Monika alipomfuata, alikwenda na desturi ya Wakristo wa Afrika ya kupeleka vyakula na divai kwenye makaburi ya mashahidi. Bawabu alimzuia, akimwambia kuwa Ambrosio ameikataza desturi hiyo. Monika alitii bila kunung'unika, ingawa alikuwa mama mwenye umri na desturi hiyo alikuwa ameishika kwao miaka mingi. Augustino aliliona jambo hilo, akastaajabu. Katika usiku wa Pasaka mwaka 387 yeye mwenyewe aliinama mbele ya Ambrosio akabatizwa, pamoja na mwanawe Adeodatus na rafiki yake Alypius. Monika alifariki mwaka huohuo huko Ostia, akiwa katika mwaka wa 56 wa maisha yake.

Askofu na rafiki wa mbali

Augustino alirudi Afrika mwaka 388. Mwaka 391 Wakristo wa Hippo, mji unaoitwa leo Annaba, walimshika na kumtaka awe kasisi wao. Baada ya kuwekewa mikono, alimwomba Askofu Valerius ampe muda wa kujifunza Maandiko, kwa maana alijiona hajawa tayari. Miaka michache baadaye akawa askofu.

Katika miaka hiyo alimwandikia Yeronimo, mtaalamu mkuu wa Maandiko aliyeishi Bethlehemu, akikosoa maelezo yake juu ya Wagalatia 2, pale Paulo anapomkemea Petro huko Antiokia. Yeronimo alifundisha kwamba mitume hao wawili walifanya kama mchezo tu, kwa faida ya wasikilizaji. Augustino alishikilia kwamba kosa la Petro lilikuwa kosa kweli, na karipio la Paulo lilikuwa karipio kweli. Kwa bahati mbaya barua ile haikumfikia Yeronimo kwa wakati. Ilisomwa kwanza na watu wengine huko Roma, naye mzee akakasirika kwa kudhani anatafutiwa aibu. Augustino alimwomba radhi. Hakuiacha hoja yake, lakini alimsihi Yeronimo amsahihishe popote alipokosea. Alikiri pia kwamba, ingawa cheo cha askofu ni kikubwa kuliko cha kasisi, katika mambo mengi yeye ni mdogo kwa Yeronimo, na kwamba mtu asikatae kuonywa hata na aliye chini yake. Kwake Petro, aliyekubali kuonywa na Paulo aliyeitwa nyuma yake, aliwaachia viongozi wote mfano wa unyenyekevu. Hatimaye wawili hao walipatana.

Kosa la Fussala

Mtihani mkubwa zaidi ulimpata katika uzee. Fussala, mji uliokuwa mbali na Hippo, ulihitaji askofu anayejua lugha ya Kipuniki. Kasisi aliyekuwa ametayarishwa alikataa dakika za mwisho, huku askofu mkuu aliyetoka mbali akisubiri kumweka wakfu. Ili safari ya mzee yule isiwe bure, Augustino akamtoa kijana Antoninus, msomaji aliyelelewa katika nyumba yake ya watawa, pasipo kumpima vya kutosha. Kijana yule akawa mnyang'anyi na mwonevu wa kundi lake. Waumini wakalia, maaskofu wakamwondoa katika usimamizi wa Fussala, naye akakata rufaa Roma.

Augustino angeweza kumlaumu kijana, au yule kasisi aliyekataa. Badala yake alimwandikia Kelestino, askofu wa Roma, akikiri kwamba haraka yake mwenyewe ndiyo iliyowaletea watu wa Fussala msiba huo, na kwamba anafikiri kuacha uaskofu iwapo watu hao wataendelea kuumizwa. Kilio cha wakulima wa mji mdogo kilitosha kumshtaki mwalimu aliyejulikana katika Kanisa lote.

Jambo lingine lilihusu uaskofu wake mwenyewe. Aliwekwa wakfu Valerius akiwa bado hai, naye hakujua kwamba Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 ulikataza jambo hilo. Kwa hiyo tarehe 26 Septemba 426, alipomtangaza Eraclius kuwa mrithi wake mbele ya ushirika, alieleza wazi kosa lile na kusema kuwa Eraclius atabaki kasisi hadi yeye atakapofariki.

Kitabu cha mwisho wa safari

Mwaka 426 na 427 alifanya kazi ambayo waandishi wachache wamethubutu kuifanya. Alisoma upya maandishi yake 93, yenye vitabu 232, na katika kitabu kiitwacho Retractationes akaonyesha mahali aliposema vibaya. Hata hivyo hakuyaona makosa yake yote. Wakristo wengi wa baadaye wamehuzunishwa na jinsi alivyokubali sheria za dola zitumike kuwashurutisha Wadonato warudi katika Kanisa. Yeye aliyejisahihisha alibakiza mengine ya kusahihishwa na watakaokuja.

Mwaka 430, Wavandali wakiwa wameuzingira mji wa Hippo, Augustino aliugua. Aliagiza Zaburi za toba zibandikwe ukutani karibu na kitanda chake, akazisoma kwa machozi. Alifariki tarehe 28 Agosti akiwa na umri wa miaka 75, mbele za Mungu akiwa mwenye dhambi anayeomba rehema kama muumini mwingine yeyote.

Wapendwa katika Bwana, usharika ulioishi miaka 100 una wazee wengi na heshima nyingi, na hapo ndipo hatari ilipo. Kadiri cheo kinavyopanda, ndivyo sauti za kuonya zinavyopungua: mwinjilisti humwogopa mchungaji, mchungaji humwogopa mkuu wa jimbo, na kijana wa kwaya huwaogopa wote. Onyo likifika, sisi huuliza kwanza limetoka kwa nani na kwa nia gani. Monika na mwanawe wanatufundisha kuanza na swali moja: je, ni kweli? Likiwa kweli, Bwana ndiye aliyesema nasi, hata kama ametumia kinywa cha kijakazi mwenye hasira. Na wale watakaoandika habari zetu baada ya miaka 100 mingine, Mungu awajalie kukuta humo, pamoja na majengo na takwimu, kumbukumbu za viongozi waliosimama mbele ya ushirika wao wakasema walikosea. Utukufu una Yeye aliyejinyenyekeza hata mauti ya msalaba. Amina.