Profesa Pigou na Moshi wa Mjini

Mimi ni mzaliwa wa Chula, katika visiwa vya Wabajuni, na nimempenda marehemu Profesa Arthur Cecil Pigou kwa kuwa naye alizaliwa kisiwani: Wight, Uingereza, mwaka 1877. Alipata uprofesa wa uchumi Cambridge akiwa na miaka 30 tu. Katika kitabu chake cha 1920 alitaja hata hesabu ya kufua nguo! Manchester, mji wa moshi, kufua kulikuwa ghali kuliko Harrogate penye hewa safi, na wenye viwanda hawakuilipa tofauti hiyo. Akafundisha kwamba kazi idhuruyo wengine yafaa itozwe kodi ili ipungue. Alifariki 1959.

Kwetu Kismayu kodi ilikuwa ya namna nyingine. Al-Shabaab, walioushika mji hadi 2012, waliyatoza makaa yaendayo ng'ambo. Na kadiri magunia yalivyozidi, ndivyo mtozaji alivyochuma.