Askia Muhammad wa Songhai

Askia Muhammad hakuzaliwa mrithi wa kiti. Alikuwa jemadari wa Sonni Ali, mfalme aliyeiteka Timbuktu mwaka 1468 na kuwatia hofu wanavyuoni wake. Sonni Ali alipofariki mwaka 1492, mwanawe alitawala miezi michache tu. Mwaka 1493 Muhammad akamshinda vitani, akaitwaa dola.

Atwaaye kwa upanga hana budi kutafuta haki ya kutawala, naye aliitafuta mbali. Mwaka 1496 alifunga safari ya kwenda kuhiji Makka, akarejea na cheo cha ukhalifa katika nchi za Sudani ya Magharibi. Wanavyuoni wa Timbuktu, aliowarudishia heshima yao, wakawa nguzo yake.

Lakini twaona kwamba hakutegemea dua peke yake. Aliigawa dola katika majimbo. Magharibi akampa nduguye Umar, makao yake Tendirma. Mto Niger ulikuwa na mkuu wa mashua, na Timbuktu ilikuwa na kadhi. Chumvi ya Taghaza ililipiwa ushuru. Wala tusifiche: mashamba ya mfalme yalilimwa na watumwa.

Jambo moja hakulitengeneza, nalo ni urithi. Mwaka 1529, mzee na kipofu, alipinduliwa na mwanawe Musa. Mpwawe aliyefuata akamhamishia kisiwani. Mwaka 1537 mwanawe mwingine, Ismail, akamrudisha Gao, na mzee akamkabidhi kilemba cha ukhalifa. Akafa mwaka 1538, na kaburi lake lingaliko Gao.