Hermann Lehmann: Mkimbizi Aliyeisoma Damu

Wasamia wa Sigalame, katika kaunti ya Busia nchini Kenya, wana ndugu zao ng'ambo ya pili ya mpaka, upande wa Uganda. Mpaka huo wa kikoloni uliwagawa watu wa lugha moja, lakini haukuweza kuugawa ugonjwa wa selimundu, unaowatesa watoto wa pande zote mbili za ukanda huu wa Ziwa Viktoria. Miongoni mwa waliotangulia kuuchunguza kwa mapana katika Afrika Mashariki ni Hermann Lehmann, mtu ambaye maisha yake yenyewe yalivurugwa na siasa za damu.

Lehmann alizaliwa mwaka 1910 mjini Halle, Ujerumani, kwa wazazi wenye asili ya Kiyahudi. Alisomea udaktari nchini mwake, lakini Wanazi walipotwaa utawala, ilimbidi aipate shahada yake Basel, Uswisi, mwaka 1934. Miaka miwili baadaye alikimbilia Cambridge, Uingereza. Huko nako hakusalimika: mwaka 1940, vita vikiwa vimepamba moto, aliwekwa kizuizini kwa sababu ya Ujerumani wake. Alipoachiliwa, alijiunga na jeshi la Uingereza akiwa daktari, akahudumu India na kuchunguza upungufu wa damu miongoni mwa askari.

Kati ya mwaka 1947 na 1949, Lehmann alifanya utafiti Makerere, Uganda. Pamoja na Alan Raper, alipima damu za watu wa makabila mengi. Tone la damu liliponyimwa oksijeni, chembe nyekundu za baadhi ya watu zilijikunja mithili ya mundu. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1949, yalionyesha tofauti kubwa: miongoni mwa Waamba wa chini ya milima ya Ruwenzori, takribani watu 45 katika kila 100 walikuwa na chembe za namna hiyo, ilhali kwa wafugaji wa Kihima walikuwa wachache mno.

Siri ya tofauti hiyo imo katika hemoglobini, protini inayobeba oksijeni. Protini hii ina minyororo minne yenye jumla ya asidi amino 574, na kila mnyororo hujikunja kwa umbo maalumu kabla ya kuungana na mingine. Mwaka 1956 Vernon Ingram alianza kubainisha kwamba hemoglobini ya selimundu hutofautiana na ya kawaida kwa kijenzi kimoja tu katika kila mnyororo wa beta, kama vile fonimu moja inavyotenganisha pata na bata. Kijenzi kinachopenda maji huondoka, na mahali pake hukaa kinachoyakimbia. Oksijeni inapopungua, protini hizo hunatana, zikajipanga kuwa nyuzi ndefu. Chembe hukakamaa, hunasa kwenye kuta za mishipa midogo na kuzuia damu kupita. Hapo ndipo yanapoanza maumivu ya viungo.

Hata hivyo, msomaji huyu wa damu aliwahi kuisoma vibaya. Baada ya kukuta selimundu miongoni mwa jamii za kusini mwa India, aliandika mwaka 1954 kwamba jeni hiyo ingeweza kufichua asili ya watu wa Afrika Mashariki, na kwamba chimbuko lake huenda lilikuwa Uarabuni. Mwaka huohuo Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alieleza kwamba anayeirithi kwa mzazi mmoja hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Ndiyo maana imeenea pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, ikawa adimu nyanda za juu. Tafiti za miaka ya 1980 zilionyesha kwamba jeni ya Uarabuni na India imezungukwa na alama za kurithi zilizo tofauti na zile za Afrika. Damu, basi, ilikuwa ikisimulia habari za mbu zaidi ya habari za kabila.

Mchango wake mkubwa ulifuata. Yeye na wenzake waligundua aina nyingi za hemoglobini zisizo za kawaida, na mwaka 1968 alishirikiana na Max Perutz kuonyesha kwamba uzito wa badiliko hutegemea mahali lilipotokea. Likiwa juu ya protini, mara nyingi halina madhara, ingawa selimundu ni kielelezo cha kinyume chake. Likiwa ndani, mkunjo wote waweza kulegea na protini kuharibika.

Lehmann alifariki dunia mwaka 1985. Aliyefukuzwa kwao kwa kisingizio cha damu aliacha elimu inayokanusha kisingizio hicho. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina uwezekano wa moja katika nne wa kuzaa mtoto mgonjwa. Hiyo si laana ya ukoo wala kosa la mama, awe Sigalame au ng'ambo ya mpaka.