Henry Cavendish: Kunyamaza si kukosa la kusema

Je, unaishi na kijana au mtu mzima mwenye usonji ambaye hunyamaza wageni wanapofika? Maisha ya Henry Cavendish yanaweza kukusaidia kumwelewa.

Cavendish alizaliwa mwaka 1731, akaishi London, Uingereza. Mwaka 1766 alieleza gesi tunayoiita leo haidrojeni. Mwaka 1798 alichapisha vipimo vilivyowezesha kujua uzito wa dunia.

Lakini maongezi yalimlemea. Mgeni akimsemesha ghafla, aliweza kuondoka bila kujibu. Hata chakula nyumbani aliagiza kwa kuandika kikaratasi na kukiacha mezani. Hata hivyo, hakuwachukia watu. Kwa miaka mingi alihudhuria chakula cha kila wiki pamoja na wanasayansi wenzake. Wao walijifunza kutomkazia macho: walisema jambo karibu naye kana kwamba hawasemi na mtu, naye likimgusa, alijibu.

Alifariki mwaka 1810, kabla usonji haujapewa jina. Baadhi ya madaktari wa zama zetu wanadhani alikuwa nao, ingawa marehemu hawezi kupimwa.

Watu wazima wengi wenye usonji husema kuwa sauti nyingi kwa pamoja, kutazamwa usoni na kutakiwa kujibu haraka huwachosha. Kwa hiyo usimlazimishe akutazame. Uliza swali moja, subiri, na mruhusu ajibu kwa kuandika. Akinyamaza, usidhani ni kiburi. Huenda bado anatafuta maneno.